Mtu wa Juu na Mtu wa Chini: Siku Tatu pamoja na Wakata Miti wa Mara



Wengi wenu mna khabari ya kuwa msimu uliopita mchumaji mmoja alianguka katika shamba langu. Mimi mwenyewe nalikuwapo, nimekaa kivulini naandika hesabu. Nalisikia tawi linalia, kisha nalisikia kishindo. Alhamdulillahi, roho yake ilisalimika, lakini nyonga ilivunjika, na hata leo anatembea kwa mkongojo. Tangu siku ile, kila nimwonapo mtu juu ya mti moyo wangu hautulii.

Basi mwezi uliopita nalisafiri hadi Musoma, katika Mkoa wa Mara, kumzuru mjomba wangu mwenye duka huko. Musoma ni mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria, wenye majabali makubwa na upepo mzuri wa ziwa. Nalikwenda kupumzika. Lakini asubuhi ya pili walifika wakata miti kuupogoa mwembe ulioinamia mabati ya nyumba ya mjomba, nami nikasahau mapumziko. Nalifuatana nao siku tatu, Musoma, Bunda na Butiama, na niliyoyaona ndiyo haya nawaletea.

Walikuwa watu wanne. Fundi wao ni mzee wa makamo, mwenye maneno machache. Mpandaji ni kijana Mkurya, mshika kamba ni Mjita, na mkusanya matawi ni kijana Mzanaki. Vyombo vyao si vingi: misumeno ya mkono, msumeno mmoja wa mashine, mapanga, na kamba mbili nene ambazo Mzee huzipapasa dhiraa kwa dhiraa kila asubuhi kabla ya mtu kukanyaga mti.

Kwanza nalidhani kazi yao ni kuangusha miti. Sivyo. Kazi yao khasa ni kuutibu mti: kuondoa tawi bovu, kupunguza tawi zito, na kuuacha mti wenyewe uishi. Tawi la mwembe ule lilikuwa nene kama pipa, na chini yake mabati mapya. Mkurya alilifunga kamba, akaipitisha kamba ile katika panda ya juu, na Mjita chini akaizungusha shinani mara tatu. Nalimwuliza, "Ndugu yangu, utaweza kuushika mzigo huo peke yako?" Akanijibu, "Mti ndio unaoushika, Bwana. Mimi nashika mkia tu." Na kweli, kamba iliposuguana na shina, tawi lile lilishuka taratibu kama ndoo kisimani, na bati halikuguswa.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni maneno yao. Tangu asubuhi hawakunyamaza.

"Mura!" Mjita alimwita aliye juu. "Unatazama wapi? Huko juu hakuna ng'ombe wa kuchunga!"

"Shika kamba vizuri," akajibiwa, "usidhani ni wavu wa dagaa!"

Yule Mzanaki naye akaingia: "Nyote mna kelele bure. Wazanaki tulimtoa Mwalimu akaongoza nchi nzima, nyinyi mmetoa nini?"

"Tumekutoa wewe chini ya matawi mara ngapi?" akasema Mjita, na Mzee mwenyewe akacheka.

Mimi pia sikusalimika. Waliuliza kwa nini huyu Bwana wa visiwani amesimama mbali, au kwao miti haina matawi, ni minazi mitupu? Nikawaambia kwetu iko mikarafuu, na bila ya karafuu pilau lao la sikukuu ni ubwabwa tu. Yule Mzanaki akasema, "Karafuu tunaijua sana, ni dawa ya jino bovu!"

Nalidhani ni mzaha wa vijana, wa kupitisha wakati. Siku ya pili, Bunda, ndipo nalipofahamu.

Bunda ni mji ulio katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma. Kazi ilikuwa juu ya mjohoro mkubwa uani kwa mtu. Tawi moja lilikuwa linakaribia waya wa umeme. Hilo hawakuligusa kabisa, wakamwambia mwenye nyumba apeleke khabari TANESCO kwanza. Wakaanza upande wa pili. Baada ya kitambo Mjita akatupa neno lake la kawaida juu ya ng'ombe. Aliye juu hakujibu. Akatupa la pili. Kimya, ila msumeno ulikuwa ukienda. Mzee akainua uso, akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, shuka."

Kijana akasema amebakiza kidogo. Mzee akarudia, "Shuka sasa hivi." Aliposhuka, miguu ilikuwa inatetemeka na mwili wake una moto. Alikuwa na homa tangu usiku, naye hakusema kwa kuogopa kukosa ujira wa siku. Mzee alimpeleka dawani, na jioni akampa ujira wake kamili mbele ya wenzake wote, ili siku nyingine mtu asione faida ya kuficha maradhi.

Nalimwuliza Mzee, alijuaje? Akanijibu: "Mtu mzima wa afya, ukimtania hujibu. Asipojibu, ama amechoka, ama anaumwa, ama anaogopa, ama nyuki wamemkuta. Utani ndio kamba yetu ya tatu."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma. Kwa sababu mchumaji wangu, asubuhi ile aliyoanguka, alikuwa kimya, naye kwa desturi ni mtu wa nyimbo na masihara. Mimi nalifurahi, nikasema moyoni, leo anafanya kazi kwa bidii.

Siku ya tatu tulikwenda Butiama, kijiji alichozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Tulipita Mwitongo kuzuru kaburi lake, na kwa muda ule hata Mjita alinyamaza. Kazi yenyewe ilikuwa katika mwembe mzee wa jirani. Miaka mingi nyuma mtu alikuwa amevunja tawi lake kwa panga, akaacha kisiki kilichochanika. Kisiki kilioza, uozo ukaingia shinani, na sasa palikuwa na pango ambalo mkono mzima unaingia.

Hapo Mzee alinifundisha ukataji wao. Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja, kwa sababu litaanguka na kuchana gome la shina. Kwanza hukatwa kidogo kwa chini, mbali kidogo na shina. Kisha hukatwa kwa juu, mbele ya mkato ule, tawi likaanguka. Mwisho hukatwa kile kipande kilichobaki, karibu na shina, lakini nje ya uvimbe ule ulio pale tawi linapoota. Uvimbe ule wao huuita shingo. Ukiikata shingo, umelikata shina lenyewe. Ukiacha kisiki kirefu, umeacha mlango wa uozo. Ukikata penyewe, gome jipya hukua pole pole na kuufunika mkato.

Mambo haya si ya Mara peke yake. Mtaalamu wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya magogo ili aone ndani yake, alieleza katika mwaka 1977 na baadaye kwamba mti hauponyeshi jeraha kama ngozi yetu. Huzungushia ukuta mahali palipoumia na kuendelea kukua nje yake. Alionyesha pia kwamba kupaka rangi au lami juu ya jeraha hakuzuii kuoza. Na sisi wenye mikarafuu tusijidhanie tu mbali. Nutman na Roberts, waliochunguza maradhi ya mikarafuu katika visiwa vyetu, waliandika mwaka 1952 kwamba maradhi ya kukauka matawi huletwa na kuvu iingiayo kwa njia ya majeraha. Basi kila tawi tunalolivuta kwa kigoe mpaka likachanika, tumefungua mlango.

Nalipoagana nao, Mjita aliniambia, "Bwana wa visiwani, mwambie mchumaji wako tunamsalimu, na akipona tutamtafutia ng'ombe wa Mkurya." Mkurya akasema, "Na wavu wa Mjita, ili akianguka tena umdake."

Niliporudi, mahali pa kwanza nalipokwenda ni nyumbani kwa mchumaji wangu. Nikamweleza yote, kisha nikamwuliza kwa nini siku ile alikuwa kimya. Akaniambia, "Bwana, kichwa kilikuwa kinanigonga tangu alfajiri. Wala hukuniuliza."

Sikuwa na jawabu. Nalimwomba radhi, naye akanisamehe.

Kwa hiyo, Ndugu Wanachama, nitaleta mambo matatu katika mkutano wetu kabla ya karafuu kukomaa. Kwanza, asipande mtu peke yake. Kila mkarafuu mrefu uwe na mtu wa chini, na mtu huyo asiwe na kazi nyingine. Pili, anayesema anaumwa asipoteze ujira wa siku hiyo. Tatu, tawi lililovunjika lisiachwe linaning'inia, likatwe kwa msumeno nje ya shingo yake.

La nne halihitaji kura. Mtanieni mchumaji wenu. Akikutukaneni kwa masihara, mshukuruni Mwenyezi Mungu. Akinyamaza, mwiteni ashuke.

Katibu wenu.