Oduya: Beki namba 221 aliyecheka wa mwisho

KINTINKU, SINGIDA. MWAKA 2001, klabu za NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafuni kule Amerika Kaskazini, zilikaa kuchagua chipukizi kutoka duniani kote. Wa kwanza kabisa kuitwa alikuwa Ilya Kovalchuk, mshambuliaji wa Kirusi, akatua Atlanta Thrashers. Wakaitwa wengine mia mbili na ushee, ndipo Washington Capitals wakalitaja jina la beki mmoja wa Stockholm: Johnny Oduya, namba 221.

Jina hilo si la Kiswidi, na msomaji wa huku hahitaji kuambiwa. Mama yake ni Mswidi, baba yake Mkenya. Alizaliwa Stockholm Oktoba 1, 1981, na kaka yake, Fredrik, naye alikuwa beki wa mchezo huohuo.

Hapa Kintinku, ambako barafu yenyewe inaonekana kwenye friji la duka la soda tu, mchezo huu unahitaji maelezo kidogo. Kila timu inaingiza watu sita: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Wanateleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, wanapiga kwa magongo kisahani kigumu cha mpira. Ni dakika 60, vipande vitatu vya 20. Sub hazina idadi. Mtu anaingia, anakimbia kufa mtu kwa chini ya dakika moja, anatoka kupumua, kisha anarudi.

Kazi ya beki ni ileile ya huku kwetu: kukaba, kuziba njia, kuondoa hatari. Akifanya vizuri hakuna anayemtaja. Akikosea mara moja, uwanja mzima unajua jina lake.

Kuchaguliwa namba 221 ni sawa na kuambiwa "tutakupigia simu". Oduya hakuichezea Washington hata mechi moja ya ligi. Alikuwa ameshaonja ligi ya vijana ya Kanada, akarudi nyumbani kuanza upya. Akakipiga Hammarby, akaenda Djurgården, kisha Frölunda. Mwaka 2006, akikaribia miaka 25, New Jersey Devils wakampa mkataba. Hatimaye akawa mchezaji wa NHL.

Hapo ndipo njia yake ilipokutana tena na ya yule namba moja. Kwenye NHL klabu inaweza kumbadilisha mchezaji na mwingine bila kumuuliza, labda mkataba wake uwe unamlinda. Februari 4, 2010, Devils walimtaka Kovalchuk. Ili kumpata, waliwapa Atlanta chipukizi wawili, nafasi ya kuchagua vijana, na Oduya juu yake. Habari ya mjini siku ile ilikuwa Kovalchuk. Oduya alikuwa sehemu ya bei.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2011 klabu ya Atlanta ilihamishwa yote, wachezaji kwa jezi, ikapelekwa Kanada na kuitwa Winnipeg Jets. Fikiria mojawapo ya timu za Kariakoo inahamishiwa Bukoba msimu mmoja tu! Mwaka huohuo kaka yake Fredrik alifariki kwa ajali ya pikipiki. Februari 2012 akahamishwa tena. Safari hii Chicago Blackhawks walitoa nafasi mbili za kuchagua vijana ili wampate yeye, si staa mwingine.

Chicago walikuwa na mafundi wa kufunga. Walichokosa ni utulivu nyuma. Oduya akapangwa mara nyingi na Mswidi mwenzake, Niklas Hjalmarsson, wawili wasio na makeke, wakapewa kazi ya kuwakaba wakali wa timu pinzani.

Fainali ya 2013 ilikuwa dhidi ya Boston Bruins. Mechi ya kwanza Chicago wakiwa nyuma 3-2, aliyesawazisha ni beki huyo huyo. Wakashinda 4-3 katika muda wa nyongeza wa tatu. Mechi ya sita, Juni 24, Boston waliongoza 2-1 zikiwa zimebaki dakika mbili hivi. Bryan Bickell akasawazisha. Sekunde 17 baadaye Oduya akaachia shuti kutoka mbali, likaguswa na mwenzake, likagonga mwamba, Dave Bolland akamalizia. 3-2. Kombe la Stanley likaenda Chicago.

Mwaka 2014 akapata fedha ya Olimpiki kule Sochi akiwa na Uswidi. Juni 2015 Chicago wakaifunga Tampa Bay Lightning, kombe la pili.

Baadaye akaenda Dallas Stars. Februari 2017, Chicago wakamrudisha. Ukiachwa na klabu, hiyo inaweza kuwa biashara tu. Klabu hiyohiyo ikikufuata tena, ujue kazi yako iliacha pengo. Akamalizia Ottawa Senators na Philadelphia Flyers. Jezi saba za NHL, mechi zaidi ya 800.

Na Kovalchuk? Fundi kweli, zaidi ya magoli 400 kwenye ligi hiyo. Lakini Kombe la Stanley hakuligusa hadi anaondoka. Yule aliyetolewa ili yeye apatikane analo mara mbili.

Sisi mashabiki tuna tabia moja. Beki akihama mara tatu tunasema hana maisha, ameisha, anazurura. Erasto Nyoni alipotoka Azam FC mwaka 2017, wapo waliomwona kama mtu anayekwenda kumalizia mpira wake. Akaenda Simba, timu ikabeba ubingwa wa ligi misimu minne mfululizo.

Dogo wa Kintinku anayepangwa beki kila jioni kwa sababu namba tisa imeshachukuliwa, asinune. Wafungaji wanagombewa siku ya usajili, kweli kabisa. Ila timu ikishafika fainali na inaongoza goli moja, kocha anageuka kuangalia benchi, na anayemtafuta pale ni beki.