Isimu Chuo Kikuu, na Mchungaji wa Ufipa

Mara kwa mara wanafunzi wa theolojia hutuuliza: mtu aendaye chuo kikuu kusoma isimu, hujifunza lugha ngapi? Yaweza kuwa hata moja asijifunze. Mwanaisimu huchunguza jinsi lugha yoyote ilivyojengwa: sauti zake, maumbo ya maneno, mpangilio wa sentensi na maana.

Tumchukue kijana wa Izia, mjini Sumbawanga. Nyumbani alisema Kifipa, shule ya msingi akafundishwa kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Anaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akidhani kwamba lugha ya mama yake haina sarufi. Huko anakuta kwamba Malcolm Guthrie aliipa namba M13, jirani na Kirungu (M14) na Kimambwe (M15). Analitazama jina lenyewe, Ichifipa: mbele ya chi-, ambayo ndiyo ki- ya Kiswahili, pana irabu i-. Irabu ya namna hiyo imo katika Kibemba na katika Kiganda pia, Kiswahili kimeipoteza. Kumbe alichokiona kuwa ushamba ni ukale.

Somo hili si geni kwa Walutheri. Carl Meinhof alikuwa mchungaji wa kijiji cha Zizow, Pomerania, alipotoa mwaka 1899 kitabu chake juu ya sauti za lugha za Kibantu. Baadaye akawa profesa Hamburg. Hatumsifu kwa yote. Nadharia yake ya Wahamiti iliwapanga watu kwa madaraja, nayo imekataliwa. Tena mwaka 1933 alijiunga na chama cha Nazi.

Lakini linalotugusa zaidi ni toni. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Katika lugha nyingi za Kibantu, Kimambwe ikiwamo, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno au ya wakati wa kitenzi. Tukitafsiri wimbo wa Kijerumani na kuushika utuni wake, huenda tukapandisha pale neno linaposhuka. Usharika utaimba kwa bidii, na maana itapotea.

Asiyeweza kwenda chuo kikuu na aanzie kwa wazee wa usharika. Awaombe waseme ubeti mmoja polepole, kisha wauimbe, naye atie alama kila mahali sauti zinapopishana.