Je, Wajua? Kutoka Kabati la Nguo hadi Mlango wa Kiwanda

Chumvi uliyotia kwenye mchuzi wa jana ina kipimo kilichopangwa na kanuni ya serikali. Basi ulilopanda lina idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni. Hata mfuko uliobebea nyanya kutoka sokoni una sheria yake. Watu wanaposema serikali imeingilia mno maisha yao, au kwamba imezembea na kuwaacha wananchi peke yao, mara nyingi wanazungumzia vitu vidogo kama hivi. Msimamo wangu nautaja mapema: serikali na iwe kali mlangoni mwa kiwanda, na inapofika mlangoni mwa nyumba ibishe hodi kwanza. Mambo yafuatayo ndiyo yaliyonifikisha hapo.

Je, wajua kwa nini shingo zilizovimba hazionekani tena kama zamani?

Wazee wa Iringa, Mbeya, Rukwa na Kigoma wanalikumbuka rovu, uvimbe wa shingoni uliokuwa jambo la kawaida vijijini kwao. Chanzo chake ni upungufu wa madini joto. Kwenye nyanda za juu mvua za karne nyingi zimeyasomba madini hayo kutoka kwenye udongo, kwa hiyo mahindi na mboga za huko hazina ya kutosha. Rovu lilikuwa dalili tu iliyoonekana kwa macho. Dhara kubwa lilitokea tumboni mwa mama mjamzito, kwani mtoto akiyakosa madini hayo ubongo wake haukui inavyopasa, na akishazaliwa hivyo hakuna dawa ya kumrudishia alichopoteza.

Uswisi walianza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922, Marekani mwaka 1924. Tanzania ilitunga kanuni zake katikati ya miaka ya 1990: chumvi ya kuliwa na watu iwekewe madini joto kabla ya kufika dukani. Hakuna mgambo aliyetumwa jikoni kufunua vyungu. Mama hakuambiwa apike tofauti wala hakutozwa faini. Sheria ilikwenda kwa mzalishaji, kule Uvinza na kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, Lindi na Mtwara, na faida ikamfikia hata mtu ambaye hajapata kusikia kwamba kuna kanuni kama hiyo.

Mzigo haukutoweka, ulihamia kwingine. Mwenye mabwawa machache ya chumvi ufukweni anatakiwa anunue madini yenyewe, ayapulizie kwa bomba la mkono, na achanganye vizuri. Asipofanya hivyo gunia moja litazidi na jingine litapungua. Kumfungia mtu huyu ni rahisi. Kumpatia mashine na mafunzo ni kazi, lakini hiyo ndiyo kazi ya serikali iliyoamua kwamba chumvi yake inahusu ubongo wa watoto wa nchi nzima.

Je, wajua kwamba hadi miaka ishirini na kitu iliyopita magari yetu yalipulizia watoto risasi?

Si risasi ya bunduki, ni ile metali. Tangu miaka ya 1920 makampuni ya mafuta yalichanganya risasi kwenye petroli ili injini isigonge. Moshi wake ulitua kwenye vumbi la barabarani, na watoto wanaocheza kwenye vumbi hilo waliathirika ubongo. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa. Kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli hiyo ilikuwa imetoweka katika takriban vituo vyote vya eneo hili. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Dereva hakuhitaji kufanya lolote.

Je, wajua kwamba Tanzania iliwahi kuwakataza watu kuvaa nguo za Kizungu, na miaka hiyohiyo ikawalazimisha wengine kuzivaa?

Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Kampeni hiyo, iliyoitwa Operesheni Vijana, ilipangwa ianze rasmi Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Haikusubiri tarehe. Mwezi Oktoba makundi ya vijana wa kiume yalikuwa tayari yakiwavizia wanawake mitaani Kariakoo na kuwashambulia hadharani kwa sababu ya mavazi yao. Magazeti yakajaa barua. Wapo waliounga mkono kwa kutetea utamaduni wa taifa. Wapo waliouliza utamaduni gani hasa unaotetewa, ikiwa babu zetu wengi walivaa nguo pungufu kuliko hizo, na kwa nini mwanamume mwenye suti na tai hasumbuliwi.

Miaka hiyohiyo, mkoani Arusha, serikali ileile ilikuwa na kampeni nyingine ya kuwataka Wamasai waache rubega na kujipaka ngeu, wavae suruali na shati. Mwanamke wa Kariakoo alikosa kwa kuvaa Kizungu mno, Mmasai akakosa kwa kutovaa Kizungu. Nikiziweka kampeni hizi mbili pamoja naona kwamba kilichotafutwa si utamaduni. Kilichotafutwa ni mwili wa raia ufanane na picha iliyokuwa kichwani mwa kiongozi. Na madhara hayakutoka kwa dola peke yake. Azimio liliwapa wahuni ruhusa ya kumvamia mtu barabarani na kujiona wanajenga taifa.

Sketi fupi zilirudi. Rubega haikuondoka.

Malawi ilikwenda mbali zaidi. Chini ya Rais Kamuzu Banda ilikuwa kosa kisheria mwanamke kuvaa suruali au sketi inayoacha magoti wazi, na nywele ndefu zilikuwa marufuku kwa wanaume. Sheria hiyo ilifutwa baada ya wananchi kuchagua vyama vingi kwenye kura ya maoni ya 1993. Jirani zetu wa Zaire nao, mwaka 1972, waliamriwa kuacha majina ya Kikristo wachukue ya Kiafrika. Rais mwenyewe aliacha kuitwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Tai na suti za Kizungu zikaondolewa, na mkubwa wa serikali akavaa abacost, koti lisilovaliwa na tai. Mwezi Aprili 1990, Mobutu alipotangaza kulegeza siasa, tai zilirudi shingoni mwa watu haraka ajabu.

Je, wajua kwamba kukimbia mazoezi kwa kikundi kumewahi kupigwa marufuku?

Ni Burundi, Machi 2014. Wakazi wa Bujumbura wana desturi ya zamani ya kukimbia wikiendi kwa makundi makubwa, wakiimba. Serikali iliona siasa inajificha humo, ikaruhusu mbio za makundi kwenye maeneo maalumu tu. Mwaka 2017 likaja agizo kwamba wapenzi wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe uhusiano wao kabla mwaka haujaisha, na mwaka huohuo wanawake wakakatazwa kupiga ngoma za kifalme. Ukikusanya maagizo haya unaona serikali inayotaka kujua nani anakimbia na nani, nani analala na nani, na nani ameshika mkwiro.

Je, wajua kwamba matuta yaliwahi kuua mtu Matombo?

Hiki ndicho kisa kinachonisumbua zaidi, kwa sababu kusudi lake halikuwa baya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 utawala wa Waingereza uliona milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, inamomonyoka. Maji ya mto Ruvu yanatoka huko, kwa hiyo wasiwasi ulikuwa wa haki. Suluhisho likaletwa kwa amri: kila kaya ichimbe matuta ya ngazi, siku kadhaa kila wiki, na asiyechimba ashtakiwe.

Waluguru waliyajua mashamba yao. Juu ya milima ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba tuta la ngazi kama lilivyoamriwa, unafukia udongo mzuri na kutoa juu ule wa chini usio na kitu, na mahindi yanadumaa. Walisema, hawakusikilizwa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, kwenye milima hiyo, kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa, na TANU, chama kilichokuwa na mwaka mmoja tu tangu kianzishwe, kikapata wafuasi wengi milimani.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye, upande wa Kibungo Juu kwenye milima hiyohiyo, wakulima walianza kuchimba matuta kwa hiari. Safari hii walionyeshwa aina mbalimbali za kuhifadhi udongo, wakachagua inayofaa shamba lao, na watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu walioko Dar es Salaam wakachangia kuwalipa. Mlima haukubadilika, wala mmomonyoko. Aliyebadilika ni anayekuja kuomba.

Je, wajua kwamba mtu aliyewafunga Wakenya mikanda ndiye aliyetaka M-Pesa ikaguliwe?

John Michuki alikuwa Waziri wa Uchukuzi wa Kenya wakati kanuni zinazoitwa hadi leo kwa jina lake zilipoanza kutumika, Februari 2004. Matatu ziwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, mkanda kwa kila abiria, na Nissan isibebe zaidi ya watu 14. Wenye magari waligoma na maelfu ya watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Cha ajabu, wengi wa waliotembea walikuwa upande wa waziri. Walikuwa wamechoka kukaliwa mapajani na kuendeshwa kasi ya kufa. Hapa serikali iliingia hadi kwenye kiti cha abiria na kumfunga mkanda, nami naona ilifanya haki, kwa kuwa abiria yule hakuwa na nguvu ya kumwambia dereva apunguze mwendo. Kilichofuata ni cha kusikitisha: usimamizi ulilegea mwaka hadi mwaka, hadi Novemba 2018 serikali ikalazimika kutangaza kuzirudisha kanuni zilezile.

Michuki huyohuyo, mwishoni mwa 2008 akikaimu Wizara ya Fedha, aliagiza M-Pesa ichunguzwe. Huduma ile ya kutumiana fedha kwa simu ilikuwa imeanza Machi 2007 bila sheria yoyote iliyotungwa kwa ajili yake. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imetoa barua ya kutokuwa na pingamizi, kwa sharti kwamba fedha za wateja zitunzwe kwenye akaunti ya amana benki, mbali na fedha za kampuni. Uchunguzi ulipomalizika ilionekana huduma ni salama, ikaachwa iendelee. Kanuni kamili zilikuja mwaka 2014, watu wakiwa wameshatumiana fedha kwa miaka saba. Benki Kuu ingedai sheria kwanza, mama wa Kakamega angeendelea kutumiwa fedha kwenye bahasha kupitia kondakta wa basi. Lakini sharti lile moja la amana liliwekwa tangu mwanzo, na lilimhusu mwenye kampuni, si mama.

Je, wajua tofauti ya faini kati ya mbebaji na mtengenezaji wa rambo?

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kenya iliweka adhabu nzito, faini hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo hadi miaka minne, na katika miezi ya mwanzo wachuuzi walijikuta mahakamani kwa sababu ya mfuko. Tanzania ilitenganisha watu. Aliyekutwa amebeba rambo angeweza kulipa shilingi 30,000 za Tanzania papo hapo; mtengenezaji au mwingizaji alikabiliwa na faini ya hadi shilingi bilioni 1. Mizani hiyo naikubali. Kiwanda kikifungwa, muuza nyanya hana haja ya kukimbizana na mgambo.

Je, wajua kwamba ipo nyumba ambayo serikali iliombwa iingie, nayo ikakata rufaa?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka umri wa mvulana kuoa kuwa miaka 18, na wa msichana kuolewa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2016 majaji wakasema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali.

Wanaopinga sheria kuingia hapa husema ndoa ni jambo la familia na imani, na serikali isivuke kizingiti. Hoja ya kizingiti naiheshimu. Ndiyo niliyoitumia kwa sketi, kwa ngoma na kwa mbio za Bujumbura. Kwenye kesi hii haisimami, kwa kuwa nyuma ya kizingiti hicho hawapo watu wazima wawili waliokubaliana. Mmoja ni mtoto, na ridhaa iliyoandikwa kwenye fomu ni ya mtu mwingine.