Chachu, hamira na ukakasi

Mtu akitafuna ndizi mbichi, ulimi hukauka na kukaza. Huo ndio ukakasi. Chanzo chake ni tanini, mojawapo ya fenoli za mimea. Tanini imo pia katika baadhi ya mitama myekundu, hivyo katika chungu cha pombe ya mtama, iwe Kilosa au Mikumi, fenoli hukutana na chachu.

Mfasiri wa habari za maabara asiandike hamira, ambayo ni bidhaa ya dukani, ya maandazi. Kiumbe chenyewe, kuvu wa seli moja, ni chachu.

Chachu ikitiwa peroksidi ya hidrojeni, huzuka radikali huru zinazoharibu utando wa seli, protini na DNA: huo ndio mkazo wa oksidisho. Fenoli huipa radikali atomu ya hidrojeni, ikatulia. Nyingine hushika chuma ambacho kingezalisha radikali zaidi, au huichochea seli iongeze vimeng'enya vyake, kama katalasi.

Andika “hukinga chachu”, usiandike “hutibu”. Aliyepimwa si mnywaji. Tena kipimo kikizidi, fenoli hiyohiyo huweza kuzalisha radikali.