Maiti Chumbani

Mwaka 1954, huko Paris, ulichezwa mchezo wa kuchekesha wa Eugène Ionesco, mzaliwa wa Rumania. Bwana Amédée na mkewe Madeleine wanayo maiti katika chumba cha kulala. Imekaa humo miaka 15, na badala ya kuoza yazidi kukua! Uyoga waota nyumbani. Mume, ajiitaye mwandishi, ameandika mistari miwili tu katika miaka hiyo yote. Marehemu ni nani? Hawapatani. Basi hugombana juu ya kazi, juu ya uyoga, hata miguu ya maiti ivunje mlango na kuingia sebuleni.

Watazamaji hucheka, na ni haki yao. Lakini mtu wa Masisi hucheka akigeuka nyuma. Mwezi wa Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, na mauaji yakaenea hata Masisi. Ziko nyumba ambamo mume ni wa upande mmoja, mke wa upande mwingine. Hao hubishana juu ya chumvi, juu ya shemeji aliyekuja bila habari. Juu ya mwaka ule, kimya. Watoto wakiuliza habari za mjomba, hutumwa maji.

Mwishoni Amédée aitoa maiti usiku kupitia dirishani, mkewe akimsaidia. Njiani maiti yamwinua, yapaa naye angani. Madeleine, chini, amwita arudi nyumbani. Naye hawezi tena kushuka.