Ishirini Haisikiki Ndani ya Mbili: Majina ya Namba na Ufundishaji wa Ruwaza katika Madarasa ya Awali

Makala haya yanajadili namna majina ya namba yanavyomwezesha, au kumkwaza, mtoto wa darasa la kwanza na la pili anayejifunza ruwaza za namba kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba baadhi ya makosa yanayohesabiwa kuwa udhaifu wa mwanafunzi yana chimbuko katika historia ya lugha.

Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa, lugha humfunulia mtoto muundo waziwazi: kumi, kisha nyongeza. Hapo ruwaza hukatika. Ishirini, thelathini, arubaini na hamsini ni maneno ya asili ya Kiarabu, ilhali mbili, tatu, nne na tano ni ya Kibantu. Sikio halipati uhusiano. Ajabu ni kwamba ruwaza hurejea kwenye sitini na sabini, kwa kuwa sita na saba nazo zilikopwa. Hupotea tena kwenye themanini, maana nane ni ya Kibantu, kisha hurudi kwenye tisini.

Lugha jirani zina mikato yake. Kinyarwanda husema mirongo itatu kwa 30 na mirongo ine kwa 40. Luganda huhesabu kwa amakumi hadi 50, kisha 60 huwa nkaaga. Hivyo, mtoto wa Kampala mwenye lugha hiyo anayejifunza Kiswahili huiona ruwaza ikirejea mahali palepale ambapo lugha yake huacha kutumia amakumi.

Kiswahili chenyewe hakikukosa nyenzo. Mwongo, neno la ukoo mmoja na mirongo, lilitumiwa na mabaharia na wakulima wa pwani kuhesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi. Aidha, somo la thamani ya nafasi tayari hutumia makumi na mamoja. Kwa hiyo mtoto anayesema “makumi mawili” badala ya ishirini ameiona ruwaza; alichokosa ni jina. Kumsahihisha bila kulitambua hilo ni kumwadhibu kwa kufikiri.

Tunapendekeza “makumi matatu na nne” itamkwe sambamba na “thelathini na nne” hadi majina yazoeleke. Katika upimaji, mfuatano kama 30, 40, 50, __ ujazwe kwanza kwa tarakimu, kisha kwa maneno, na kila jibu lipewe alama yake.