Visiwa vya Majivu (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tulieleza jinsi ardhi ilivyopasuka na kudidimia hadi likapatikana bonde hili la Ruzizi tunalolima hapa Kiringye. Leo tuende Ziwa Victoria, upande wa Kenya, kwenye visiwa vya Rusinga na Mfangano. Huko nako ardhi ilipasuka, na ufa wake ukazaa volkano ya Kisingiri, iliyokuwa ikitema moto miaka milioni 18 hivi iliyopita.

Katika msitu wa mvua kama wetu wa Itombwe, mnyama akifa mifupa haidumu. Tindikali ya udongo huila. Lakini majivu ya Kisingiri yalikuwa na chokaa nyingi ajabu, nayo yalihifadhi mifupa, mbegu, matunda, hata wadudu. Ndiyo maana mwaka 1948 Mary Leakey aliweza kupata Rusinga fuvu la mnyama wa jamii ya kale ya sokwe, asiye na mkia. Zamani aliitwa Proconsul. Tangu 2015 wataalamu humwita Ekembo.

Mimi hunivutia zaidi kisa kingine cha kisiwani humo humo. Mifupa ilikutwa imejaa ndani ya mviringo mmoja wa mwamba, wachimbaji wakadhani ni shimo lililochongwa na maji. Kumbe ulikuwa mti mkubwa wenye uwazi! Majivu yaliuzika ukiwa wima, na ndani yake mlikuwa na Ekembo, nguruwe na chatu. Vipande vingine vya Ekembo huyo vililala miaka mingi kwenye droo za makumbusho Nairobi, vikidhaniwa ni vya wanyama wengine.

Rusinga ina mifupa, Mfangano nayo ina michoro. Kwenye mapango ya Mawanga na Kwitone utaona duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe, nyingine zikitoa miali kama jua. Wenyeji wanasema ni kazi ya Batwa. Wasuba waliofika baadaye waliyaheshimu mapango hayo, wakayafanyia matambiko ya mvua. Huko Batwa husimuliwa kama watu wa hadithi. Sisi wa Kivu tunakutana nao sokoni.

Ukitoka Kisumu, teremkia Luanda Kotieno, panda feri hadi Mbita. Rusinga utavuka kwa daraja, Mfangano kwa mtumbwi wa mashine. Anzia kwenye jumba la makumbusho la Abasuba, uombe mtu wa kukuongoza, kwa maana Kwitone iko juu mlimani na njia yake ina mawe.